Je, Wajua? Vumbi la Kasulo lina mwenyewe

Je, wajua kwamba vumbi la Kasulo si udongo mtupu? Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa huu wa mji wa Kolwezi, Kongo, alikuwa anachimba ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, akakutana na mawe meusi. Yalikuwa heterogeniti, mawe yenye kobalti. Habari ilienea haraka, na muda si muda watu wakawa wanachimba uani, vyumbani na sebuleni. Jiwe likitoka shimoni lilipondwa kwa nyundo palepale, likatiwa kwenye magunia, likapelekwa kwa wanunuzi kwenye madepo. Kila hatua ilimwaga unga mweusi, na unga huo ulitua kwenye sufuria, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye vidole vya watoto wanaotambaa.

Je, wajua nani alilipima vumbi hilo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa KU Leuven cha Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery. Walichukua vumbi la majumbani, damu na mkojo wa wakazi wa Kasulo, wakalinganisha na watu wa eneo jirani lisilo na machimbo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi zaidi katika miili ya watu wa Kasulo, tofauti ikawa kubwa zaidi kwa watoto, na watoto hao walionyesha dalili za madhara kwenye vinasaba vyao. Vumbi lilikuwa na urani pia. Kazi hiyo ilifanywa na vyuo vikuu. Swali la safu hii ni la upande wa serikali: katika mji kama Kolwezi, afisa mkuu wa kudhibiti hewa anatakiwa afanye nini tangu asubuhi hadi jioni?

Je, wajua kwamba mwaka 2022 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO waliiweka metali ya kobalti katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu? Moshi wa dizeli, ule unaotoka kwenye malori ya madini yanayopanga foleni kuelekea Likasi na Lubumbashi, ulikwishawekwa kundi la juu zaidi, lile la vitu vyenye uhakika, mwaka 2012.

Je, wajua kwamba kazi ya kwanza ya afisa huyo wa kudhibiti hewa ni kuwa na namba yake mwenyewe? Watu wanadhani kazi yake ni kufunga viwanda. Kabla ya kufunga chochote anatakiwa ajue hewani mna nini, na ajue kwa chombo chake, siyo kwa ripoti aliyoletewa na kampuni. Kipimo cha kuaminika kinaanzia kwenye duara dogo la karatasi nyeupe ya kuchujia. Fundi haligusi kwa mkono; analishika kwa kibano, analipima kwenye mizani inayosoma milioni moja ya gramu, ndani ya chumba chenye joto na unyevu usiobadilika. Kisha linafungwa ndani ya chombo kinachovuta mita moja ya ujazo ya hewa kwa saa, na kuachwa juu ya paa la shule au zahanati kwa saa 24. Linaporudi limegeuka rangi. Linapimwa tena.

Sasa hesabu. Tuseme uzito umeongezeka kwa mikrogramu 2,400. Hiyo ni kama sehemu ya kumi ya punje moja ya mchele. Gawanya kwa mita 24 za ujazo zilizopita humo: unapata mikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka chembe za ukubwa wa hadi mikromita 10 zisizidi mikrogramu 45 kwa wastani wa siku. Kwa hiyo kivumbi kisichofika hata robo ya punje kimeshavuka kiwango mara mbili na zaidi. Na karatasi ileile ikiyeyushwa kwa asidi kwenye maabara, itasema ni kiasi gani cha kobalti, shaba, risasi na urani kilichokuwa humo. Hapo ndipo vumbi linapata mwenyewe, kwa sababu mchanganyiko wa metali unaweza kuelekeza kwenye chanzo: barabara ya vumbi, depo la mawe, au bomba la kiwanda.

Je, wajua kwamba katika Kongo hakuna meza moja yenye kazi hii yote? Katiba ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya katika ibara ya 53, na inaweka ulinzi wa mazingira kati ya mambo yanayoshughulikiwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka misingi, ukiwemo ule wa mchafuzi kulipa. Halafu kuna Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE, unaopitia tathmini za athari kwa mazingira. Wizara ya madini ina idara yake ya mazingira ya migodi. Jimbo la Lualaba, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, lina ofisi zake, na mji una meya na huduma zake za usafi. Milango ikiwa mingi hivi, mama wa Kasulo mwenye mtoto anayekohoa haelewi abishe hodi wapi. Kwa maoni yangu wajibu mkubwa kuliko yote wa afisa wa mji ni huo: awe mlango mmoja wa kupokea, kisha yeye ndiye azunguke kwa wengine na faili mkononi.

Je, wajua kwamba faili lisiloandikwa vizuri halifiki popote? Mkaguzi anayetaka kesi isimame mahakamani anaandika prosè-verbali, yaani hati rasmi ya ukaguzi, papo hapo: saa ngapi, upepo unatoka wapi, ameona nini kwa macho, amepima kwa chombo gani, na chombo hicho kilihakikiwa lini mara ya mwisho. Wakili wa kampuni ataanza na hilo la mwisho.

Je, wajua kwamba moshi unaweza kupimwa kwa macho? Mwaka 1888 Mfaransa Maximilien Ringelmann alitengeneza kadi zenye mistari, kuanzia nyeupe hadi nyeusi kabisa, ambazo mkaguzi anazilinganisha na moshi wa bomba. Zilienea duniani kote. Marekani hadi leo ina wasomaji wa moshi wanaosimama jua likiwa mgongoni, wakiandika kiwango kila baada ya sekunde 15, na macho yao hufanyiwa mtihani upya kila miezi 6. Mji usio na fedha za mitambo ya bei kubwa unaweza kuanza hapo kesho.

Je, wajua kwamba gesi inayowasha koo jirani na viyeyushio vya shaba ni mali? Mawe ya shaba yenye salfa yakichomwa hutoa dioksidi ya salfa. Tani moja ya gesi hiyo ikinaswa na kugeuzwa hutoa takriban tani moja na nusu ya asidi ya salfa, na asidi hiyo ndiyo ambayo migodi ya Lualaba inaihitaji kila siku kuyeyushia mawe ya shaba na kobalti. Kwa hiyo mtu akisema kunasa gesi ni hasara tupu, afisa amwombe ampe hesabu. Ng'ambo ya mpaka, Mufulira nchini Zambia, wakazi wa Kankoyo waliishi miongo mingi na gesi waliyoiita senta, ikikausha miti na kutoboa mabati ya nyumba. Kiyeyushio cha pale kilianza mwaka 1937. Mitambo ya kunasa sehemu kubwa ya gesi ilikamilika mwaka 2014.

Je, wajua kwa nini mkaguzi mzuri anaamka saa kumi usiku? Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, usiku wa nyanda hizi za juu ni wa baridi. Ardhi inapoa, hewa baridi inabaki chini, hewa yenye joto inalala juu yake, na moshi unakosa pa kupandia. Saa hiyohiyo babula (majiko) zinawashwa kwa makala (makaa), malori yanaondoka, na tanuri zinaendelea kazi. Anayepima saa sita mchana, upepo ukiwa umekwisha kufagia, atapata mji msafi ambao hakuna mtu anayeishi ndani yake.

Je, wajua kwamba msimamizi anayekaa kimya anaweza kulipa zaidi kuliko kiwanda? Soma kesi ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa mtaa huo hadi kilipofungwa mwaka 2014, na moshi na maji yake yakawajaza watoto risasi mwilini. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mamlaka ya mazingira ya nchi, NEMA, ikabebeshwa sehemu kubwa kuliko kiwanda chenyewe. Mahakama ya Rufaa ikatengua. Mahakama ya Juu ikairudisha tuzo hiyo Desemba 2024. Ningependa hukumu hiyo isomwe katika kila ofisi ya mazingira kutoka Mombasa hadi Kolwezi, kwa sauti.

Je, wajua kwamba vipimo vya bei nafuu vinatengenezwa karibu nasi? Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, unaunda vifaa vinavyohimili vumbi na joto la Afrika; vinatumia umeme wa jua, na vingine vimefungwa kwenye bodaboda. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kusema kama chembe ni kobalti au moshi wa makala. Lakini kinaonyesha mtaa gani na saa gani pa kupeleka ile karatasi nyeupe.

Na fedha? Je, wajua kwamba sheria ya madini ya Kongo, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo? Ile 15 inakusudiwa ifike chini kabisa, kwa watu wanaovuta vumbi. Mizani, karatasi za kuchujia na mshahara wa mafundi wawili ni tone katika fungu hilo.

Je, wajua kwamba maji ni dawa ya kwanza? Barabara ikilowanishwa, malori yakifunikwa turubai, na mawe yakipondwa yakiwa na unyevu, vumbi linapungua siku hiyohiyo. Haya hayahitaji utafiti mwingine.

Je, wajua kwamba ukuta hautoshi? Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta, familia zikalipwa zihame, na ununuzi wa madini ya mle ndani ukapewa CDM, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China. Waliobaki nje ya ukuta waliendelea kuvuta hewa ileile, na ndani ya ukuta walibaki wachimbaji. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilikuwa imeshaeleza kwamba wachimbaji wengi sana hawakuwa na barakoa wala glavu.

Je, wajua kwamba London mtoto wa miaka 9 aliandikiwa uchafuzi wa hewa kama sababu mojawapo ya kifo? Ella Kissi-Debrah alifariki Februari 2013 kwa pumu, na uamuzi ulitoka Desemba 2020 baada ya mama yake kupigania uchunguzi wa pili. Wataalamu waliweza kuthibitisha kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za vituo vya kupimia hewa karibu na nyumbani kwao, za miaka ileile.

Na wewe mkazi? Sheria ya 2011 inakupa haki ya kupata taarifa za mazingira, kwa hiyo kuomba matokeo ya vipimo ni haki yako. Malalamiko yanayomsaidia mkaguzi yana tarehe, saa, upepo ulikotoka, harufu au rangi uliyoona, ilidumu muda gani, na nani alikohoa. Andika kwenye daftari kila inapotokea. Majirani kumi wakiandika saa ileile katika siku ileile, afisa ana sababu ya kutosha ya kupeleka chombo chake kesho yake.