Je, Wajua? Kitana cha Leza na Vichwa vya Majengo

Je, wajua kwamba leza ya kuotesha nywele iligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kansa? Mwaka 1967, mjini Budapest, daktari Endre Mester wa Hungaria aliwanyoa panya mgongoni, akawamulika baadhi yao kwa leza hafifu aone kama watapata uvimbe. Uvimbe haukutokea. Panya waliomulikwa wakaota manyoya upesi kuliko wenzao.

Kutoka kwa panya hao hadi kibali cha Marekani ilichukua miaka 40. Januari 2007, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kitana cha leza cha HairMax kiuzwe kwa wanaume wenye kipara cha kurithi. Wanawake walifikiwa 2011. Usidhani ruhusa hiyo ni sawa na ya kidonge. Mwenye kifaa cha aina hii huonyesha tu kwamba hakina hatari kubwa na kwamba kinalingana na kingine kilichokwisha kuwa sokoni.

Kinafanya kazi? Kidogo, ndiyo. Majaribio yaliyochapishwa 2014 yaliwapa baadhi ya watu kitana cha kweli, wengine kitana bandia kinachowaka taa tu. Baada ya wiki 26, wa leza walikuwa wameongeza takriban nywele 20 kwa kila sentimita ya mraba, yaani eneo la ukubwa wa kucha. Wa bandia nao waliongeza chache. Aliyegharimia majaribio hayo ni mtengenezaji mwenyewe. Halafu kitana hakina likizo: ni mara tatu kwa wiki, miezi na miaka, na ukikiacha nywele hurudi zilikokuwa.

Sasa sikia hili, ambalo wauzaji hawalitaji. Ruhusa ya HairMax inahusu watu wenye ngozi ya aina ya I hadi IV. Vipimo hivyo viliwekwa 1975 na Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, akiwafikiria weupe wanaoungua na jua. Aina ya V na ya VI, ngozi ya kahawia iliyokolea na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Melanini hufyonza mwanga, kwa hiyo leza iliyopimwa kwenye kichwa cheupe haiwezi kuchukuliwa kuwa itafika vilevile kwenye shina la unywele chini ya ngozi nyeusi. Kwa maneno mengine, mtu wa Majengo, Sumbawanga, anayeagiza kitana hiki mtandaoni anajijaribia mwenyewe, tena kwa hela yake.

Na je, wajua kwamba vichwa vingi vinavyonyonyoka huku kwetu havina kipara cha kurithi kabisa?

Ingia saluni mchana wa Jumamosi. Msusi anachota kishungi pale juu ya paji la uso, anavuta, anakaza fundo la kwanza. Ngozi inainuka, nyusi zinapanda. Mteja badala ya kulalamika anasema, "Kaza, dada, nataka zikae mwezi." Kesho yake vipele vyenye vichwa vyeupe vimejipanga kwenye mstari wa nywele, na usingizi ulikuja kwa panadol. Vipele vile ni shina la unywele linang'olewa taratibu. Ukifumua mapema na kupumzisha kichwa, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, tena juu ya nywele zenye dawa, shina linageuka kovu, na kovu halioti kitu, umulike usimulike. Huko Cape Town, utafiti ulioongozwa na daktari Nonhlanhla Khumalo ulikuta nywele zilizonyonyoka kwa kuvutwa hivi kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliopimwa.

Watoto wana yao: mapunye. Ni fangasi, wanahama kwa mashine ya kinyozi, kitana na kofia ya kuazimana. Mafuta ya kupaka hayafiki chini kwenye shina. Vinatakiwa vidonge kama griseofulvini, wiki sita au zaidi. Leza hapa ni tochi tu.

Nywele zinaweza pia kupukutika miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, typhoid kwa mfano, au baada ya kujifungua. Kwa kawaida hurudi zenyewe. Hapo ndipo kila muuza dawa anapojipatia sifa: ukinunua kitana wiki ambayo nywele zilikuwa zinarudi hata hivyo, utamsimulia kila mtu kimekuponya.

Wengine huilaumu kofia, lakini kofia haileti kipara. Julai ya Sumbawanga, huku juu Ufipa karibu mita 1,800, ina baridi ya kweli, vaa tu. Pengine kofia ingewafaa zaidi wanaume wa Milange, Msumbiji: mwaka 2017 polisi walilazimika kuwaonya wenye vipara baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioamini vichwa vyao vina dhahabu. Ushirikina huu sina hata la kuutania.

Bei? Kitana halisi huanzia mamia ya dola, yaani laki tano na kuendelea kwa shilingi yetu, na kofia za leza hupanda zaidi. Vitana vya bei chee vinavyowaka taa nyekundu mara nyingi havina leza ndani, ni vibalbu tu. Vifaa tiba nchini husimamiwa na TMDA, iliyoitwa TFDA hadi 2019. Muulize muuzaji namba ya usajili, umtazame usoni anavyojibu.

Je, wajua kwamba Tanzania ina chuo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika? Ni RDTC, pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992. Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Swali la kwanza mezani lisiwe leza. Liwe hili: shina bado liko hai, au limeshakuwa kovu? Tabibu mzuri huanza kwa kupapasa na kutazama kwa karibu, na hilo kitana hakiwezi.