Gobore: nani aliyepima baruti?

Kwenye bunduki ya risasi za kiwandani kuna mtu aliyekwisha kukupimia baruti. Wakazi wa Morogoro hawahitaji kwenda mbali kulijua hilo, kwani Shirika la Mzinga, linalotengeneza risasi, liko pale pale chini ya Uluguru. Fundi amepima, mkaguzi amekagua, ganda limefungwa. Mwenye gobore hana mtu wa namna hiyo. Baruti anaimimina mwenyewe mdomoni mwa mtutu, gololi anaishindilia kwa mdeki, fataki anaiweka kwa mkono wake, na akikosea kipimo mlipuko unatokea sentimita chache kutoka jichoni pake.

Silaha hii haikuja jana. Misafara ya Bagamoyo ilipita hapa Morogoro na bunduki za gumegume, na chifu Kisabengo alijenga mji wenye kuta za ngome karibu na ulipo mji wa leo. Msafiri Stanley aliukuta bado umesimama mwaka 1871. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume yenye mtutu usio na mifuo ikaachiwa mlango. Silaha iliyokwishapitwa na wakati kwao ikabaki kuwa ya mwananchi wa huku. Mafundi wa vijijini wakajifunza kuiiga.

Marekani nako bunduki za kushindilia zinaundwa hadi leo, kwa ajili ya wawindaji. Tony Knight wa Missouri alitoa ya kwake ya kisasa mwaka 1985, na viwanda vingi vikamfuata. Chuma cha bunduki hizi kimejaribiwa, na bunduki inauzwa pamoja na kitabu kinachotaja kiasi cha juu kabisa cha baruti. Nyingi hutumia gramu sita hivi za baruti nyeusi kwa mlio mmoja, na chache huruhusu karibu gramu kumi. Baruti isiyo na moshi, ile iliyomo ndani ya risasi za kisasa, ni mwiko, isipokuwa kwa bunduki chache sana zilizoundwa mahususi kwa ajili yake. Kipimo kile kile kilichofaa kwa baruti nyeusi, kikijazwa ya aina hiyo, kinatosha kupasua mtutu.

Na huyo mwenye chuma kizuri bado ana masharti. Hamimini kutoka kwenye chupa ya baruti moja kwa moja. Anapima kwanza kwenye kikombe kidogo, kwa sababu cheche iliyobaki mtutuni ingeweza kuiwasha chupa nzima mkononi. Gololi lazima iikalie baruti barabara. Ikiachwa njiani, pakawa na uwazi kati yake na baruti, inageuka kizibo, na mtutu huvimba au kupasuka. Ndiyo maana mdeki huchorwa alama mbili, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu uliojazwa. Alama hiyo ya pili ikisimama juu ya mdomo wa mtutu, huenda umeshindilia mara mbili. Baada ya mapigano ya Gettysburg, mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ziliokotwa bunduki kwa maelfu zikiwa na shehena mbili au zaidi ndani, na wale walikuwa askari waliofunzwa. Fataki ikilia bila bunduki kulia, mpigaji habanduki: anaelekeza mtutu kulekule kwenye shabaha na kusubiri dakika nzima au zaidi, maana moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani.

Sasa liangalie gobore la kwetu. Mtutu ni bomba la maji, pengine lenye mshono wa kuchomelea ubavuni. Baruti imepikwa uani, leo kali, kesho baridi. Kipimo ni kiganja. Hakuna kiasi salama cha kumtajia mtu mwenye chombo hicho, na nasema hivyo nikijua kwa nini analo. Nguruwe pori hula shamba la mahindi usiku mmoja, na ngedere hawana siku ya mapumziko. Hasara ni ya kweli. Lakini miteremko ya Uluguru imejengwa nyumba juu ya nyumba, shamba la huyu likiwa juu ya paa la yule. Gololi iliyomkosa nguruwe gizani inateremka bondeni, na kinachochakarisha mahindi saa nane za usiku huenda ni jirani anayelinda lake.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kuunda au kumiliki silaha bila kibali, na uwindaji nao una leseni yake. Hilo wengi wanalijua, na hofu ya kukamatwa ndiyo inayolaza magobore darini, mengine yakiwa yamejazwa, watoto wakicheza chini yake. Umoja wa Afrika uliutenga Septemba, tangu mwaka 2017, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha, na Jeshi la Polisi hapa nchini limekuwa likitangaza misamaha ya namna hiyo. Ukiamua kulitoa, usilipige ili kulimaliza, wala usichokonoe gololi kwa msumari. Usilibebe kwenye bodaboda kama hujui lina nini ndani. Liache lilipo, ondoa watu, kamwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi, na neno la kwanza liwe: huenda limejazwa.