Lindo la Nyumbani Wakati wa Theluji

Askari anajua maana ya lindo. Anajua kwamba mtu aliyewekwa langoni usiku hawezi kulinda usiku wa jana, wala hawezi kulinda usiku wa kesho. Kazi yake ni usiku huu, lango hili, na mchakacho huu unaosikika sasa hivi majanini. Akianza kuwaza mshahara wake au ugomvi wake wa mchana, macho yake yatakuwa wazi lakini lango litakuwa halina mlinzi.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya lindo lingine, lisiloandikwa katika daftari la zamu. Nalo ni lindo la baba au mama mwenye watoto wadogo. Tutalitazama kwanza mahali ambapo ni gumu kuliko kwetu, yaani katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mpakani na Kanada, wakati wa majira ya baridi kali. Tumelichagua jimbo hilo kwa kuwa waliojifunza somo lenyewe huko walikuwa askari kama sisi.

NCHI ILIYOFUNGWA NA BARAFU

Sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta tumezoea jua linalochomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Minnesota sivyo. Mwishoni mwa Desemba, katika mji wa Minneapolis, jua huchomoza saa 2 kasoro asubuhi na kutua saa 10 na nusu alasiri. Mfanyakazi huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Maziwa huganda hata watu wakapita juu yake kwa miguu. Katika kijiji cha Tower, tarehe 2 Februari 1996, kipimo kilishuka hadi digrii 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Januari 2014 gavana wa jimbo aliamuru shule za umma zifungwe kwa siku moja, si kwa vita wala kwa maradhi, bali kwa baridi tu.

Baridi ya namna hiyo huwafungia watoto ndani. Mtoto wa miaka mitatu, aliyeumbwa kukimbia, hukaa kutwa katika chumba chenye madirisha yaliyozibwa. Maziwa yamemwagika, soksi moja imepotea, mdogo analia, mkubwa anavuta pazia. Hakuna uwanja wa kumtuma akacheze, wala jirani aliyeketi barazani wa kumwangalia. Hapo ndipo uvumilivu wa mzazi hupimwa, na aghalabu huonekana pungufu.

ASKARI WALIORUDI

Sasa mtazame mzazi huyo akiwa ni askari aliyetoka vitani. Brigedi ya Kwanza ya Divisheni ya 34, ambayo ni ya jeshi la akiba la Minnesota, iliitwa kazini mwaka 2005 na kupelekwa Iraq mwaka 2006. Askari wake walikuwa wakihesabu siku za kurudi nyumbani, na mara, Januari 2007, wakaambiwa kwamba muda wao umeongezwa kwa siku 125. Walirudi Julai 2007, baada ya kuwa mbali na nyumbani kwa muda wa miezi 22 hivi, pamoja na miezi ya mafunzo.

Tupige hesabu ya baba, si ya jeshi. Mtoto aliyeachwa akiwa na mwaka mmoja amekutwa akikaribia miaka mitatu. Ameachwa akitambaa, amekutwa akikataa uji. Hamjui mgeni huyu mwenye sauti nzito. Na baba naye amerudi na mwili wake tu. Masikio yake bado yako barabarani kule, yakisikiliza mlipuko. Mlango ukibamizwa, anaruka. Mtoto akipiga kelele, damu yake inachemka kana kwamba adui ameingia. Kisha majira ya baridi yanafika, na wawili hawa wanafungiwa pamoja katika nyumba moja kwa miezi kadhaa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na Abigail Gewirtz, waliona jambo hili wakatunga mafunzo maalumu kwa wazazi waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan. Wazazi hukutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 14. Hujifunza kumsifu mtoto kwa jambo dogo alilolitenda vizuri, kuweka mipaka bila kupiga, na kumsaidia mtoto kuitaja huzuni yake au hofu yake. Pamoja na hayo, hujifunza uangalifu wa moyo, yaani kuwapo kwa akili yote mahali ulipo, kwa wakati huu ulio nao. Familia 336 zilishiriki katika uchunguzi wa mafunzo hayo. Matokeo ya mwaka mmoja, yaliyotolewa mwaka 2018, yalionyesha kwamba wazazi waliopewa nafasi ya mafunzo walilea vizuri zaidi, na malezi hayo mema yaliandamana na nafuu katika tabia za watoto wao.

Uangalifu huo haukuanza jeshini. Jon Kabat-Zinn aliuingiza katika matibabu huko Worcester, jimbo la Massachusetts, mwaka 1979, akiwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Chimbuko lake ni mazoezi ya kale ya Kibudha. Mwaka 1997 yeye na mkewe Myla walichapisha kitabu kinachohusu kuutumia katika malezi ya watoto. Lakini askari hahitaji kitabu ili aelewe. Ni lindo lile lile tulilolitaja. Lililobadilika ni mahali pa kusimama.

KUVAA NI KAZI

Kazi ya kwanza ya lindo hili wakati wa theluji ni kumvika mtoto. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa, kwa hiyo huvikwa tabaka juu ya tabaka. Nguo ya ndani huwa ya sufu, si ya pamba, maana pamba ikilowa jasho huleta baridi. Juu yake sweta, kisha koti na suruali ya theluji, kisha buti, kofia ya kufunika masikio, na glavu zinazokusanya vidole vyote pamoja ili vipashane joto. Kanuni yao ni kwamba mtoto mdogo avae tabaka moja zaidi ya mtu mzima. Upepo unapoiongezea baridi makali hata ngozi ikahisi kama digrii 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kwa nusu saa tu, basi uzembe hauruhusiwi.

Sisi tuliopitia shule ya makadeti tulifundishwa kuvaa buti gizani kwa dakika chache, na mkufunzi akiwa mlangoni na saa mkononi. Mtoto wa miaka mitatu hana mkufunzi huyo kichwani mwake. Akitia mguu wa kulia katika buti la kushoto, hafanyi uasi, anajifunza. Mzazi mwenye uangalifu hupanga muda wa kutosha kabla ya kutoka, kisha huchuchumaa mpaka macho yake yalingane na macho ya mtoto. Huitaja kila nguo kwa jina, naye mtoto hutia mkono wake mwenyewe. Kazi ile ile iliyokuwa vita inakuwa mazungumzo. Na mtoto akidai kukojoa baada ya kufungwa kitufe cha mwisho, hapo ndipo mzazi atajua kama amehitimu.

TUNDU LA BARAFU

Mafunzo haya hayamwambii mzazi akae ndani akifumba macho. Baridi ikiwa ya kadiri, hutoka na mtoto hata kwa robo saa. Humwacha asikilize jinsi theluji inavyolia chini ya buti, atazame pumzi yake ikiwa moshi, na kufuata nyayo za sungura. Mzazi hana haja ya kufundisha chochote. Kazi yake ni kukitazama kile mtoto anachokitazama.

Watu wa Minnesota hupenda pia kuvua samaki katika maziwa yaliyoganda. Huhakikisha kwanza kwamba barafu safi ina unene wa sentimeta 10 angalau kabla ya kuikanyaga kwa miguu. Kisha hutoboa tundu, hushusha mshipi, na kungoja. Baba na mtoto wanaweza kukaa hapo bila kusema neno, macho yote manne yakiwa tunduni. Askari aliyewahi kuvizia anaufahamu ukimya huo. Tofauti ni kwamba hapa hakuna wa kuuawa ila samaki, na mtoto akichoka, safari imekwisha. Hurudi nyumbani wakanywe kitu cha moto.

HASIRA IKIPANDA

Hata hivyo zipo siku ambazo theluji ni nyingi, mtoto mchanga analia tangu alfajiri, na mzazi anaona mikono yake ikitetemeka. Jambo hili askari wote walishike kama amri ya kudumu: mtoto mchanga hatikiswi kamwe. Shingo yake ni dhaifu, na mtikiso wa sekunde chache waweza kuumiza ubongo wake kwa maisha yote au kumwua. Ukiona hasira imekushinda, mlaze chali kitandani mwake mahali pa salama, toka chumbani, pumua, hesabu, nawa uso, kisha rudi. Kilio hakimwui mtoto. Hasira ya mkubwa yaweza kumwua. Kurudi nyuma ili ujipange upya si kushindwa, na kila kamanda analijua hilo.

Tuseme kweli pia kwamba uangalifu si dawa ya kila jeraha. Askari anayepigwa na ndoto mbaya kila usiku, au anayeiogopa hasira yake mwenyewe, amwone daktari wa jeshi mapema.

SISI HUKU KWETU

Msomaji atauliza: theluji ya Minnesota yatuhusu nini? Kwetu hakuna theluji, lakini kuna mvua za masika zinazowafungia watoto katika chumba kimoja cha kota. Na kuna kurudi. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamepelekwa Somalia kulinda amani, nao hurudi nyumbani wakakuta watoto waliorefuka bila wao. Polisi naye, aliyeshinda juani akitukanwa na madereva, huingia kwake na ghadhabu ya barabarani.

Sisi tunaoandika haya hatukusalimika. Asubuhi moja ya mvua tulikuwa tumechelewa, na mtoto wetu wa miaka minne alikuwa akihangaika na kamba za viatu. Tulipaza sauti ile ya uwanja wa gwaride. Mtoto hakulia. Alisimama mguu sawa, mikono imebana mapajani, kidevu juu, na machozi yakimtiririka bila sauti. Mama yake alimtazama, kisha akatutazama sisi, akasema, “Baba watoto, huyu si kuruta.”

Maneno hayo yalituumiza kuliko karipio lolote tulilopata shuleni kwa makadeti. Tulipiga magoti, tukamwomba mtoto radhi, tukafunga kamba pamoja naye polepole. Kazini tulifika tumechelewa, tukapokea adhabu yetu, nayo ilikuwa haki.

Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi ndogo. Tukifika nyumbani hatuusukumi mlango mara moja. Twasimama nje kwa pumzi tatu au nne, na kulikabidhi lindo la kazini kwa aliyetupokea. Kisha twaingia kushika lindo la pili. Afande asomaye haya na ajaribu jioni hii. Mtoto akimkimbilia na habari ya panzi aliyemkamata, na amsikilize mpaka mwisho, bila kutazama saa.