Kivuli na Chai: Maisha ya Wasaka Visukuku wa Turkana

Wasomaji wengi wa habari za chimbuko la binadamu huamini kwamba kazi ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilifanywa na maprofesa waliosaidiwa na vibarua wenye majembe, dhana inayowakosea heshima watu wa kundi la msaka visukuku Mkenya Kamoya Kimeu, wengi wao Wakamba, ambao kazi yao ya kwanza haikuwa kuchimba bali kutembea. Walipita taratibu, macho chini, juu ya kokoto zilizofichuliwa na mvua, wakitafuta visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, ambayo hutofautiana na changarawe kidogo tu kwa rangi na umbo. Na aliyeona kitu hakukimbilia kukiokota, kwa sababu mfupa uliohamishwa kabla ya mahali pake kuandikwa hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Mengine yote yaliamuliwa na jua. Kambi ilipigwa chini ya migunga kando ya laga, yaani mto wa msimu ambao mchanga wake hufukuliwa ili kupata maji, na mapumziko ya adhuhuri, ambayo mgeni angeyaita uvivu, yalikuwa sehemu ya ustadi wenyewe, kwani jua la utosini hufuta vile vivuli vidogo vinavyolitenga jino na kokoto. Hapo ndipo ilipokuwa thamani ya kivuli na ya chai yenye sukari ya kutosha: jicho lililochoka halioni.

Hata siku ya mapumziko macho hayakulala. Mwezi Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, wenzake wakiwa wamepumzika, Kimeu alitoka kutembea akaona kipande kidogo cha fuvu, na kutokana nacho, baada ya udongo mwingi kupitishwa kwenye chekeche, ikapatikana mifupa ya kijana wa kale anayeitwa Mvulana wa Turkana, wa miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Wanaoiita hiyo bahati hawajawahi kutafuta kitu chini ya jua hilo.

Nyumbani nako watu wa kundi hilo walieleweka vibaya, maana wapo waliodhani kwamba wanafukua makaburi, jambo linaloogopwa kimila. Hata hivyo, Kimeu alitunukiwa nishani Marekani mwaka 1985, akafariki mwaka 2022. Lakini wengi waliotembea naye hawajulikani nje ya fani ya visukuku, na namna walivyoyafundisha macho ya vijana wao haikuandikwa ipasavyo, ilhali kila jino waliloliona limepewa namba yake.