Neno la mkopo, siku ya tatu lipe jembe

Kwenye kibanda cha fundi pikipiki hapa Kinampanda, wilayani Iramba, mwenye bodaboda anainama na kuonyesha kwa kidole: "Digadi la mbele limepasuka, hili la nyuma bado zima." Fundi anamjibu kuwa madigadi yanapatikana Kiomboi. Wameelewana, kazi inaendelea.

Neno hilo asili yake ni "mudguard" ya Kiingereza, kitu kimoja tu. Sikio la Mswahili likasikia "ma" mwanzoni, likahesabu wingi kama wa madaftari. Umoja ukapatikana kwa kuivua "ma" hiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiswahili humpa mgeni wake ngeli.

Ndivyo ilivyokuwa kwa "kitabu". Waarabu wingi wake huita "kutub". Sisi tuliisikia "ki" tukasema vitabu. Kipilefti nacho, kilichozaliwa na agizo la Kiingereza la kushika kushoto, leo kina wenzake vipilefti.

Vitenzi vinapendeza zaidi. "Soma" ukikikanusha husema "sisomi", irabu ya mwisho inageuka. "Safiri", chenye asili ya Kiarabu, hakigeuki: "sisafiri". Lakini kinyambue kiwe "safirisha", na papo hapo kinatii: "sisafirishi". Mgeni ameshika mpini.

Wafini nao wana jembe lao. Neno la Kiswidi "stol", yaani kiti, kwao limekuwa "tuoli": konsonanti ya mwanzo imeachwa, irabu imeongezwa mwishoni. Wakitaka kusema "juu ya kiti", hubandika kiambishi nyuma: "tuolilla". Vijana wanaozungumza Kihispania walichukua "chat" wakaitia mwisho wa vitenzi vyao, ikawa "chatear". "Chateamos" ni sawa na vijana wetu wanaposema "tunachati".

Kwa hiyo naumia kusikia kila neno la mkopo likiitwa uchafu. Lugha inayokopa na kutawala ilichokopa ina afya. Kinampanda ina chuo cha ualimu, na somo hili linastahili kuanzia hapo. Mtoto wa Iramba aliyelelewa kwa Kinyiramba, Kibantu kama Kiswahili, ngeli amezinyonya kwa mama. Mwalimu amwandikie ubaoni "digadi", amwachie aseme mwenyewe: digadi langu, madigadi yangu. Hapo mtoto ataiona sarufi ikifanya kazi, tena kwa neno alilolisikia jana kwa fundi.