Lebo za HTML na Uhifadhi wa Sura ya Matini ya Kiswahili

Matini yoyote iliyoandikwa ina mambo mawili: maneno yenyewe, na sura inayomwongoza msomaji katika kuyaelewa. Kichwa, aya, mkazo, nukuu na mpango wa mishororo ni sehemu ya maana, wala si pambo. Aandikaye kwa mkono huyaonyesha mambo hayo kwa kuacha nafasi, kupiga mstari au kukuza herufi. Tarakilishi haina jicho la kuyatambua, sharti iambiwe. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi inavyoambiwa kwa lebo za HTML katika tovuti, na kuonyesha kwamba kazi hiyo inamhusu mtaalamu wa lugha kama inavyomhusu fundi wa mitambo.

HTML ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, na maelezo yake ya kwanza yakatolewa hadharani mwaka 1991. Ilichota mengi katika SGML, mfumo wa kutia matini alama uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986. Kanuni yake ni nyepesi. Lebo huandikwa baina ya mabano ya pembe. Ya kwanza hufungua, na ya pili, yenye mkwaju, hufunga. Aya huanza kwa <p> na kuishia kwa </p>. Kichwa kikuu hutiwa baina ya <h1> na </h1>, na vichwa vidogo hufuata kwa daraja hadi <h6>. Nukuu ndefu hutiwa ndani ya <blockquote>.

Umuhimu wa lebo huonekana wazi zaidi katika ushairi. Kivinjari, yaani programu ya kusomea tovuti, huchukulia nafasi nyingi zinazofuatana, pamoja na kule kuanza mstari mpya, kuwa nafasi moja tu. Tuseme ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano, umeandikwa ndani ya <p> bila lebo nyingine:

Herufi ukizipanga
Na maneno ukaunga
Usiache kuzifunga
Zisipotee njiani

Msomaji wa tovuti ataukuta umekuwa sentensi moja ndefu ya nathari. Mizani nane za kila kipande hazitaonekana, na kina cha mwisho hakitajulikana kilipo. Dawa yake ni lebo 
, ambayo huvunja mstari na haihitaji kufungwa:

<p>Herufi ukizipanga

Na maneno ukaunga

Usiache kuzifunga

Zisipotee njiani</p>

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Katika miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti wa utenzi mara nyingi viliwekwa katika mstari mmoja, na alama ndogo zikatiwa baina yake. Mwandishi wa mswada alijua kwamba umbo la utenzi halitegemei upana wa karatasi, bali alama iliyowekwa na mjuzi. Lebo 
 inafanya kazi iyo hiyo.

Tofauti nyingine ya kuzingatiwa ni ile iliyopo baina ya sura na maana. Lebo <i> na <em> zote mbili kwa kawaida huonyesha hati za mlazo, lakini <em> inasema kwamba neno limetiwa mkazo, hali <i> hufaa neno la lugha nyingine au istilahi. Jina la kitabu lina lebo yake, <cite>. Vivyo hivyo <strong> inaeleza uzito wa jambo, na <b> huyakoza maneno ili yaonekane tu. Machoni hazitofautiani, lakini anayetaka kukusanya majina yote ya vitabu yaliyotajwa katika makala mia moja atafaulu ikiwa tu yalitiwa <cite>. Ndiyo sababu lebo za sura tupu, kama <font> na <center>, zilianza kukatazwa mwaka 1997, na HTML5, iliyoidhinishwa mwaka 2014, ikaziacha kabisa.

La tatu ni utambulisho wa lugha. Katika lebo ya mwanzo kabisa ya ukurasa huandikwa <html lang="sw">, na herufi hizo mbili, sw, ndizo alama ya kimataifa ya Kiswahili. Wasioona husomewa tovuti kwa sauti na programu maalumu. Maneno *pole*, *tone* na *mate* yameandikwa sawasawa katika Kiswahili na Kiingereza. Programu isiyoambiwa lugha huweza kuyatamka Kiingereza, na msikilizaji akapotezwa. Neno moja la kigeni ndani ya sentensi ya Kiswahili nalo huweza kutambulishwa peke yake, kwa mfano kwa <i lang="ar">.

Hatimaye, wanaisimu wana hatari yao wenyewe. Ni desturi yao kuandika herufi za tahajia ndani ya mabano ya pembe. Mwanaisimu akiandika <ch> au <ny> katika tovuti, kivinjari kitadhani ni lebo kisiyoijua na kuificha, na sentensi itabaki na pengo. Inampasa aandike &lt;ch&gt; ili mabano yaonekane.

Ni dhahiri basi kwamba lebo ni uamuzi juu ya matini kabla ya kuwa ufundi wa mashine. Fundi anaweza kuandika 
 haraka kuliko mhadhiri, lakini hawezi kuamua kipande kinaishia wapi, wala neno lipi ni mkazo na lipi ni la kukopwa. Matini ikishawekwa vibaya hunakiliwa hivyo hivyo, na kila nakala hurithi kosa. Mwenye elimu ya lugha akimwachia mwingine kazi hii, atakuja kuisoma lugha yake katika umbo asilolichagua.