Kabla ya kununua lupango huko mbali

Katika likelemba zetu neno moja linarudi sana: "Nimechoka kulipa nyumba ya watu. Zamu yangu ikifika, nitanunua lupango." Ni wazo zuri. Lakini lupango la bei ndogo liko mbali, na umbali nao una bei yake.

Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa sababu ya shaba. Kwa miaka mingi kampuni, kwanza Union Minière na baadaye Gécamines, ndiyo iliyompa mfanyakazi nyumba, unga na matibabu. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa "départ volontaire". Jamaa nyingi zikabaki kujitafutia zenyewe. Watu wengine wanazidi kuingia kutoka vijijini na mikoa mingine. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa Kongo yote ilifanywa mwaka 1984, lakini macho yanaona: komini ya Annexe, inayozunguka zile nyingine sita, inajaa nyumba kila mwaka, mara nyingi mbele ya barabara, bomba la maji na nguzo ya umeme.

Basi, kwanza piga hesabu ya njia. Tuseme unauza soko la Kenya, na kutoka lupango lako unapanda manseba hadi kwenye lami, halafu busi. Ikiwa kwenda na kurudi ni franka 3,000, kwa siku 26 za kazi ni franka 78,000. Ongeza njia ya watoto wa shule. Wakati wa mvua njia inakuwa matope na bei ya pikipiki inapanda. Uliza pia: maji yanachotwa wapi, na nani atabeba bidoni? Usiku mtoto akishikwa na homa, au uchungu wa kuzaa ukianza, mtafika hospitali na nini? Nenda uone mahali siku ya mvua, na urudi tena magharibi.

Pili, uliza makaratasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali; sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na "certificat d'enregistrement" tu. Karatasi ya kartie au ya chifu, hata ikiwa na mihuri mitatu, haiwi cheti hicho. Ndiyo maana lupango moja linaweza kuuzwa kwa watu wawili, na mama aliyekwisha kupandisha ukuta akaona nyumba inabomolewa. Kabla ya kutoa pesa, peleka namba ya lupango kwenye ofisi ya ardhi, uulize limeandikwa kwa jina la nani. Muuzaji akikukataza kuuliza, hilo ni jibu tayari.

Tatu, angalia jina. Tangu Kanuni ya Jamaa ilipobadilishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi. Na bwana hawezi kuuza lupango la nyumba bila bibi kukubali. Lakini ili sheria ikulinde vizuri, ndoa yenu iandikwe kwenye komini. Mahari peke yake, bila maandishi, inamwacha mjane mikononi mwa wakwe.

Na wewe ambaye bado unapanga, ujue hili: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mwenye nyumba akidai miezi sita au kumi, anavunja sheria. Tunajua ni vigumu kubishana ukiwa na watoto na mizigo nje. Kwa hiyo usiende peke yako. Dai risiti ya kila pesa unayotoa, na uiweke pamoja na karatasi za ubatizo na za shule.

Katika kila kikundi, tuchague wamama wawili wa kusindikiza mwenzetu anayenunua au kupanga: mmoja anayesoma Kifaransa vizuri, mwingine asiyeona haya kuuliza. Pesa ya likelemba imetoka kwenye jasho la wengi. Isipotee kwa siku moja.